Waliosoma Naye

Katika miaka ya 1950 Babati ulikuwa mji mdogo wa njiani. Barabara iliyoupita ilikuwa Barabara Kuu ya Kaskazini, kipande cha ile njia ambayo Waingereza waliota kuinyoosha kutoka Cape hadi Cairo, na mji wenyewe ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu katika Jimbo la Kaskazini. Mvulana aliyemaliza shule ya kati akafaulu kuendelea alijua kwamba safari imemwita. Upande wa kaskazini, kiasi cha kilomita 170, kulikuwa na Arusha, na mbele yake Moshi. Huko ndiko zilikokuwa Ilboru ya Walutheri, Umbwe ya Wakatoliki na Old Moshi ya Serikali. Upande wa kusini barabara ilipita Bonga, Bereko na Kolo, ikaishika Kondoa, ikateremka hadi Dodoma kwenye Reli ya Kati. Dodoma ukipanda treni ya kwenda magharibi unafika Tabora.

Ukoo ulimuaga kwa maziwa, kwa mbuzi, kwa baraka za wazee. Akaondoka na sanduku la bati. Miaka minne au sita baadaye alirudi na cheti, na hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo historia ya elimu yetu haijaliandika vya kutosha. Wazazi walimjua mtoto aliyeondoka, na mwajiri alikijua cheti alichokuja nacho. Yule kijana aliyekuwapo katikati, aliyechekwa kwa lafudhi yake, aliyeamka saa kumi za usiku kusoma kwa mwanga wa karabai, aliyelia siku aliyopata barua ya msiba, huyo alijulikana na wavulana wenzake tu. Nao wakati huo walikuwa wameshatawanyika, mmoja Bukoba, mmoja Songea, mmoja Ukerewe. Kumbukumbu ya mhitimu ilikaa kwa watu wa mbali, na nchi iliyokuja kuitwa Tanzania ilishonwa kwa uzi huo zaidi ya tunavyokiri.

Shule inayolionyesha hili waziwazi kuliko zote ni ya Serikali ya Tabora. Ilianza katika miaka ya 1920, na nia ya wakoloni ilikuwa kuwalea watoto wa machifu wawe watawala wasaidizi wanaojua Kiingereza na hesabu za kodi. Waliiunda kwa mfano wa shule za mabwanyenye wa Uingereza, kwa mabweni, viranja, michezo na adhabu, hata watu wakaiita Eton ya Afrika. Humo alipita Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Alipita Kidaha Makwaia wa Usukuma, ambaye mwaka 1945, pamoja na Abdiel Shangali wa Machame, alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Alipita Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe, ambaye kwake Tabora ilikuwa nyumbani. Na mwaka 1937 aliingia mvulana mwembamba kutoka Butiama, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliyeitwa Kambarage Nyerere.

Kambarage alichelewa kuanza shule. Alianza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, akamaliza masomo ya miaka minne katika miaka mitatu. Waliosoma naye Tabora walipoulizwa baadaye na waandishi wa maisha yake hawakumweleza kama mtakatifu, na kwa hilo nawashukuru. Walimkumbuka kijana mwenye ushindani mkali, aliyetaka kuongoza darasa kila mtihani ulipofika. Walimkumbuka akijificha maktaba na kurudi na Kiingereza kilichonyooka kuliko cha wengine. Uwanja wa mpira haukumvuta, lakini alisoma kitabu cha maskauti kisha akasaidia kuanzisha kikosi chao shuleni. Katika mijadala hakukubali kushindwa kirahisi. Na walikumbuka habari ya chakula: viranja walikuwa na haki ya posho kubwa kuliko wenzao, naye akaona si haki, akasema. Walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu. Mwalimu mkuu akakataa kwa sababu kwamba kijana huyu ni mpole mno, hafai kushika nafasi hiyo.

Mwalimu mkuu alikuwa na faili na alama, na bado alimpima vibaya mtu ambaye wavulana wa umri wa miaka 17 walikuwa wamemwelewa. Wenzake hawakumdhania mnyonge. Walikuwa wamemwona akiing'ang'ania hoja kwenye mjadala, na walijua upole wake unaishia wapi. Shahidi wa bwenini anaona saa 24. Mwalimu anaona saa za darasa, tena anamwona mwanafunzi akiwa amejipanga mbele yake.

Machi 1942, Kambarage akiwa bado Tabora, Mtemi Burito alifariki. Aliomba ruhusa kwenda kumzika baba yake, shule ikakataa. Mtu anayejua msiba ni nini kwa Mzanaki, au kwa Mwiraqw, au kwa Mgorowa, anajua uzito wa kukataa huko: mtoto wa kiume wa mtemi kutokuwepo kaburini kwa baba yake. Sina haja ya kubuni lililotokea bwenini jioni ile. Yeyote aliyelala bweni la wavulana anajua kwamba habari ya namna hiyo hufika kabla ya mwenyewe kuisema, na kwamba wenzako hukaa kitandani kwako bila maneno mengi. Matanga yake ya kwanza aliyakalia na wageni, watoto wa makabila ambayo baba yake hakuwahi kuyaona.

Alipomaliza Tabora alikwenda Makerere, Kampala, mwaka 1943, na mwishoni mwa mwaka huo akabatizwa kwa jina la Julius. Aliwakuta huko watu aliokwisha kuwajua. Andrew Tibandebage, Mhaya aliyesoma naye Tabora, alikuwapo. Hamza Mwapachu wa Tanga, naye aliyepita Tabora, alikuwapo. Watatu hao walianzisha umoja wa wanafunzi wa Tanganyika uliojulikana kwa herufi TAWA, ambao baadaye nafasi yake ilichukuliwa na tawi la chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA. Ukizichunguza hatua za mwanzo za siasa zilizozaa TANU tarehe 7 Julai 1954, utakuta mara nyingi kwamba fulani alimwandikia fulani kwa sababu walisoma pamoja. Nyerere alipotoka Makerere mwaka 1945 angeweza kwenda kokote. Alikwenda kufundisha Mtakatifu Maria, Tabora, ambako Tibandebage alikuwa mwalimu. Hapohapo Tabora, akiwa mwalimu, ndipo alipokutana na Oscar Kambona, mwanafunzi wa Shule ya Serikali aliyetoka Nyasa.

Sisemi kwamba kusoma pamoja kulileta mapatano ya kudumu. Fundikira alikuwa Waziri wa Sheria nchi ilipopata uhuru mwaka 1961. Mwaka 1963 alijiuzulu, na miongo mitatu baadaye alikuwa miongoni mwa waliosimama mbele kudai vyama vingi, akaongoza chama cha UMD. Kambona alikimbilia London mwaka 1967, akakaa huko miaka 25. Lakini hata ugomvi wao ulikuwa wa watu wanaojuana. Ukiwasikiliza wazee wanaozungumzia siasa za miaka ile, wanasema Mwalimu Nyerere alijua Abdallah Fundikira anafikiri nini kabla hajasema. Mtu mliyelala bweni moja naye, au mliyesoma shule moja kwa miaka inayofuatana, huwezi kumfanya adui wa kusimuliwa tu. Una sauti yake masikioni.

Wakenya wamefanya kazi hii ya kukumbuka vizuri zaidi yetu, na ni haki kulisema. Shule ya Alliance, pale Kikuyu, ilifunguliwa tarehe 1 Machi 1926, na Carey Francis aliiongoza kutoka 1940 hadi 1962. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia hapo mwaka 1955, katikati ya hali ya hatari. Likizo ya kwanza alirudi nyumbani akakuta kijiji chake kimebomolewa na watu wamehamishwa. Miaka 57 baadaye, mwaka 2012, alichapisha kitabu kizima juu ya miaka yake minne ya Alliance, In the House of the Interpreter, na wavulana waliokuwa naye wamo humo, na tabia zao, na hofu zao. Mwana wa mkulima aliyelala salama ndani ya ua wa shule huku ndugu zake wakiwa kambini aliona haya, na haya hiyo akaiandika. Tabora, Old Moshi, Pugu, Minaki na Umbwe zilikuwa na vijana wenye uzoefu mzito kama huo.

Chukua Umbwe, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Edward Moringe Sokoine alitoka Monduli, mtoto wa wafugaji wa Kimaasai, akasoma huko hadi mwaka 1958. Kwa kijana aliyezoea tambarare na ng'ombe, kuishi katikati ya migomba ya Wachaga, kwenye baridi na ukungu, kulikuwa kuhamia nchi nyingine. Alitoka hapo akaingia katika utawala wa wilaya yake, akawa mbunge mwaka 1965, akawa Waziri Mkuu mara mbili. Tarehe 12 Aprili 1984 alikufa kwa ajali ya gari Dakawa, karibu na Morogoro, akitoka Dodoma. Nchi nzima ilimlilia kiongozi. Wanaume waliosoma naye Umbwe, wakati huo wakiwa na miaka arobaini na kitu, walimlilia Edward wa darasa lao, na hiyo ni huzuni ya aina nyingine, isiyo na bendera nusu mlingoti.

Wakati Sokoine anamaliza, na hata nchi ilipopata uhuru miaka mitatu baadaye, sekondari za Tanganyika nzima hazikuwa na wanafunzi 12,000. Kwa hiyo kijana wa sekondari kutoka Babati alikuwa mtu adimu, na popote alipokwenda aliulizwa habari za kwao. Mwaka 1960 bila shaka aliulizwa zaidi. Katika uchaguzi wa mwaka huo TANU ilishinda viti 70 kati ya 71, na kile kimoja kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu. Mgombea rasmi wa chama alikuwa Mtemi Amri Dodo wa Wagorowa, watu wa Babati hii. Aliyemshinda alikuwa Herman Sarwatt, mwana TANU aliyesimama kama mgombea binafsi. Mwanafunzi wa huku aliyekuwa bwenini wakati huo ilimpasa awaeleze wenzake wa Pwani na wa Ziwa kwamba Mbulu si waasi, kwamba Wairaqw na Wagorowa wana mambo yao ya zamani, na kwamba mpiga kura wa kijijini alijua anamtaka nani. Ni darasa la uraia ambalo hakuna mtaala ungeweza kulipanga.

Baada ya uhuru Serikali iliamua kwamba jambo hili lililokuwa likitokea kwa bahati litokee kwa makusudi. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1966 ilitangazwa kwamba wahitimu wa kidato cha sita na vyuo watalazimika kuingia: miezi kadhaa kambini, kisha mwaka na nusu wakifanya kazi zao kwa asilimia 40 ya mshahara. Wasomi wakakasirika. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa na majoho yao, na moja kati ya mabango yao lilisema hali ilikuwa afadhali wakati wa mkoloni. Mwalimu aliwasikiliza, akawajibu kwa hasira ambayo waliokuwapo hawakuisahau, akawafukuza zaidi ya 300, na papo hapo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ukikumbuka yule kijana wa Tabora aliyechukizwa na posho kubwa za viranja, hutashangaa.

Mwaka 1969 sheria ya elimu iliziweka shule za misheni mikononi mwa Serikali. Majina ya watakatifu yalianza kutoweka, yakabaki ya mahali tu, kama Pugu na Minaki. Mtoto alipangiwa shule kwa ufaulu na kwa mgawo wa mikoa. Dini na ukoo havikuulizwa tena. Ndipo ilipokuja miaka ambayo wazee wengi wa Babati wenye umri wa miaka 60 na 70 leo huiita enzi ya waranti. Majina yalitoka, ukaambiwa umepangiwa Tabora, Mzumbe, Kibaha au Songea, ukapewa hati ya kusafiria kwa gharama ya Serikali, ukaenda. Mzazi hakuulizwa kama anaijua njia. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliongeza jingine: mhitimu wa kidato cha sita hakuingia chuo kikuu moja kwa moja. Alipita JKT, akafanya kazi si chini ya miaka miwili, akapata barua za kumsifu, ndipo akaomba. Ruvu, Mafinga, Makutupora, Mlale, Oljoro: majina haya ya makambi mpaka leo yanatamkwa na watu wa rika hilo jinsi wengine wanavyotaja vijiji walikozaliwa.

Nataka nikae kidogo katika bweni la enzi hiyo. Kijana mpya aliitwa njuka, na njuka hakuwa na jina mpaka apewe. Alipewa kwa kosa la siku ya kwanza, kwa umbo, kwa mji aliotoka. Wengi waliotoka huku waliitwa kwa kabila au kwa wilaya tu, kwa sababu wenzao hawakuweza kutamka majina yao. Jina hilo la utani lilidumu kuliko la ubatizo, na nimewasikia wanaume wenye wajukuu wakiitana kwa majina hayo msibani bila kicheko. Mchakamchaka alfajiri, paredi, usafi, darasani, shambani jioni kwa ajili ya elimu ya kujitegemea ambayo Mwalimu aliitangaza Machi 1967, ugali na maharage, kisha msuli, yaani kujisomea usiku, hadi taa zizimwe. Katika msuli huo kijana wa Kibarbaig kutoka Hanang alifundishwa kemia na mtoto wa karani wa Tanga, naye akamfundisha jinsi ya kumtuliza ng'ombe wa shule wakati wa kukamuliwa. Kubadilishana huku hakukuandikwa popote.

Mtihani ulipokaribia zilianza kuzunguka otografu. Lilikuwa daftari la kawaida, limefunikwa vizuri, kila ukurasa una mwenzako mmoja: jina, jina la utani, kombi anayotaka, chakula anachopenda, kazi anayotarajia, na neno la mwisho kwa mwenye daftari. Kwenye ukurasa picha ndogo ya pasipoti ilibandikwa kwa gundi au kwa uji wa unga. Mengi ya yaliyoandikwa yalikuwa ya kitoto. Lakini ndani ya ukurasa wa tano au wa kumi unakuta sentensi inayokuchoma: mvulana anamshukuru mwenzake kwa kumgawia sabuni muhula mzima alipokuwa hana nauli wala fedha ya matumizi. Hiyo ni risiti. Ndiyo hati pekee inayothibitisha kwamba wema huo ulifanyika, na kila ninapoiona moja imeliwa na mchwa katika sanduku la mtu aliyefariki huniuma kama nyaraka za Serikali zilizochomwa.

Mahafali yenyewe yalikuwa na upungufu mmoja ambao mpaka leo hatujaurekebisha. Tanzania huwaaga wahitimu kabla hawajafanya mtihani. Wa kidato cha nne huagwa mwezi wa tisa au wa kumi, na pepa ni Novemba. Wa kidato cha sita huagwa mapema, na pepa ni Mei. Risala husomwa, mgeni rasmi huombwa maabara au madawati, wazazi huvika watoto mataji ya karatasi za kumetameta, pilau huliwa. Kisha wahitimu hurudi bwenini kusoma. Siku ya kweli ya kuachana haina sherehe: ni ile jioni ya mtihani wa mwisho, ambapo magodoro hukunjwa, masanduku hufungwa kwa kamba, na kila mtu anakimbilia gari la kwao. Ndiyo maana wanaume wengi ukiwauliza waliachanaje na rafiki waliyekaa naye miaka minne hawana jibu. Hawakuagana. Gari lilikuja.

Enzi hiyo ilipungua taratibu. Mwaka 1994 JKT kwa wahitimu ilisitishwa kwa kukosa fedha. Shule za bweni zilichakaa, michango ikapanda. Kisha, kuanzia mpango wa kuendeleza sekondari wa 2004 na msukumo wa Waziri Mkuu Edward Lowassa mwaka 2006, kata zikaanza kujenga. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na sekondari 1,745. Baada ya miaka mitano zilizidi 4,000. Babati, ambao tangu mwaka 2002 ulikuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara, nao ulijenga. Mtoto wa Bagara, Singe, Nangara, Maisaka, Mutuka, Sigino au Bonga hakulazimika tena kuiangalia barabara. Aliamka kwao, akaenda kwa miguu, akarudi kula kwa mama yake.

Wako wanaoziponda shule hizo, na matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo awali asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri, yaliwapa maneno. Mimi siwezi kuungana nao. Najua wasichana na wavulana waliofika kidato cha nne kwa sababu tu shule ilikuwa karibu, na bila hiyo wangekuwa wameolewa au wako machungani tangu darasa la saba. Wengi wasio na uwezo hawakupata nafasi zile za zamani zisizofika 12,000. Walipata wachache waliobahatika, nasi tunawakumbuka kwa sababu walikuwa wachache.

Tena Babati ina jambo ambalo miji mingi haina. Katika eneo hili la Babati na Kondoa familia nne kubwa za lugha za Afrika zinakutana: Wairaqw na Wagorowa ni Wakushi, Wabarbaig na Wamaasai ni Waniloti, Warangi na Wambugwe ni Wabantu, na Wasandawe wa upande wa Kondoa wanazungumza lugha ya vidoko. Ongeza Wachaga wa madukani, Wapare, Wanyaturu, na watumishi wa Serikali waliohamia mkoa ulipoanzishwa. Darasa la shule ya kata mjini hapa, bila waranti na bila treni, lina mchanganyiko ambao Tabora ya mwaka 1937 iliupata kwa kukusanya watoto kutoka kila pembe ya nchi. Mtoto wa Kigorowa hahitaji kwenda Songea ili akae dawati moja na mtu ambaye lugha yake haielewi.

Anachokikosa ni kitu kingine: hajawahi kuwa mgeni. Yeye ndiye mwenyeji, ziwa ni lake, mlima Kwaraa ni wake, na jioni anarudi kwa watu wanaosema kama yeye. Kambarage, Sokoine na kijana wa waranti walijifunza kuwa wachache, kuchekwa lafudhi, kutegemea sabuni ya mtu asiye ndugu. Hilo shule ya kutwa haiwezi kulitoa, hata iwe na walimu wazuri kiasi gani. Ndiyo maana niliona jema JKT ya wahitimu wa kidato cha sita iliporudishwa mwaka 2013, pamoja na kasoro zake, na naona jema kwamba vijana wa kidato cha tano bado hupangiwa mikoa ya mbali. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilifunguliwa mwaka 2018. Safari ambayo masika iliweza kuchukua siku mbili kwenye tope la Kondoa sasa ni ya asubuhi moja. Kisingizio cha umbali kimepungua.

Na kumbukumbu yenyewe imehama. Otografu hazipo, yapo makundi ya WhatsApp yenye jina la shule na mwaka wa kumaliza. Wanaume waliotawanyika Mafinga mwaka 1985 wamepatana tena wakiwa na mvi. Kwa muda mrefu kundi huwa kimya, kisha mmoja anaandika kwamba fulani amelazwa, au ametutoka, na ndani ya saa moja michango ya rambirambi imeanza kuorodheshwa, na mwakilishi ameteuliwa kwenda mazikoni. Nimeshuhudia msiba hapa Babati ambapo ndugu wa marehemu walishangaa kumwona mtu wa Newala anasimama kuzungumza. Aliwaeleza mambo ya baba yao akiwa na miaka 18 ambayo mke wala watoto hawakuyajua: kwamba alikuwa mkimbiaji, kwamba aliwahi kutoroka shule siku mbili kumpeleka mwenzake hospitali, kwamba viboko alivyopigwa kwa kosa hilo alivihesabu kwa Kigorowa.

Watoto wa marehemu walimwomba arudie polepole, wakaandika. Ndivyo inavyopasa kufanywa kabla ya msiba, wala si kazi kubwa. Waliomaliza sekondari kabla ya uhuru sasa wana zaidi ya miaka 80, na wa enzi ya waranti wanastaafu na kurudi Babati kila mwaka. Kila shule ya mji huu ina mwalimu wa historia na ina wanafunzi wenye simu zinazorekodi sauti. Wapewe kazi ya likizo: kila mmoja amtafute mzee mmoja aliyesoma bweni, amwulize jina lake la utani, aliyelala kitanda cha juu yake, aliyemgawia sabuni, na yuko wapi sasa. Kisha kitabu cha majina hayo kiwekwe shuleni, na wahitimu wa mwaka huu waongeze kurasa zao baada ya pepa ya mwisho, kabla ya kwenda nyumbani.